Chembe cha Moyo Si Moyo: Stori Ndefu ya Ramani ya Tumbo Lako

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio mkinisoma msiseme najifanya mjuaji.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka nyanya yangu hospitali. Nyanya ni wa Mombasa, na Kiswahili chake ni kile cha nyumbani kabisa. Mimi nimezaliwa na kulelewa Nairobi, Kiswahili changu mnakijua. Alikuwa amekuja kututembelea, na usiku wa tatu nikamkuta amekaa kitandani amejikunja. "Mwanangu, hapa chembe cha moyo pananichoma kama pilipili."

Asubuhi tukaenda. Daktari alikuwa kijana, mpole, lakini foleni nyuma yetu ilikuwa imefika mlangoni. Akamuuliza Nyanya anaumwa wapi. Nyanya akajibu vilevile, chembe cha moyo. Daktari akanitazama mimi. Na mimi, kwa kiherehere cha mtoto aliyesomeshwa, nikatafsiri haraka kwa Kizungu changu cha shule: anaumwa na moyo.

Wueh! Neno moja tu. Likatupeleka kwa kipimo cha umeme wa moyo, likatukalisha kwa benchi hadi saa kumi jioni, likala pesa ambazo Mamangu alikuwa ameweka za kodi. Nyanya naye, akisikia kila mtu anasema moyo, moyo, akaanza kuniusia. Kasha lake apewe nani, kanga zake zigawanywe vipi, na nisisahau kumlipa mwanamke fulani wa viazi deni la shilingi 200.

Moyo ulikuwa mzima kabisa. Jioni ndio muuguzi mmoja mama mtu mzima akamwambia, "Mama, nionyeshe kwa kidole kimoja." Nyanya akaweka kidole pale katikati, chini kidogo ya mfupa wa kifua, juu ya kitovu. Muuguzi akanigeukia. "Kijana, hapo ndipo chembe cha moyo. Si moyo." Kwa faili akaandika neno ambalo sikuwahi kuliona: epigastriki. Baadaye ikajulikana ni vidonda vya tumbo. Akatibiwa, akapona.

Tuelewane: kumpima mzee moyo si ujinga, kwa sababu maumivu ya moyo wakati mwingine husikika hapohapo juu ya tumbo. Kosa halikuwa kipimo. Kosa lilikuwa langu, kwa kumpa daktari mahali pasipo. Nyanya alikuwa amesema mahali penyewe, tena kwa usahihi kuliko mimi na shule yangu yote.

Basi usiku huo nikalitafuta lile neno la kwenye faili, nikidhani litakuwa na uchawi fulani. Manze, nilicheka. Epi ni Kigiriki, maana yake "juu ya". Gasta, tumbo. Epigastriki ni "juu ya tumbo". Basi. Ndio hiyo siri yote.

Hapo ndipo nilianza kuchimba historia, na nimechimba hadi leo.

Anza na ramani yenyewe. Chora hashtegi juu ya tumbo lako. Sichezi, ni hashtegi kweli. Mistari miwili ya wima inashuka kutoka katikati ya mifupa ya mabega ya mbele, huku kulia na huku kushoto. Mistari miwili ya kulala, mmoja chini ya mbavu, mwingine unaunganisha vilele vya mifupa ya nyonga. Unapata vyumba tisa, kama ile gemu ya X na O tuliyokuwa tukicheza nyuma ya daftari. Kitovu kinakaa chumba cha katikati.

Safu ya juu: hipokondriaki ya kulia, epigastriki, hipokondriaki ya kushoto. Safu ya kati: lumbari ya kulia, umbilikali, lumbari ya kushoto. Safu ya chini: iliaki ya kulia, hipogastriki, iliaki ya kushoto.

Yanatisha, sivyo? Sasa yavue koti. Hipo ni "chini ya". Kondros ni gegedu, ile mifupa laini unayoitafuna ukila mbavu za nyama choma. Hipokondriaki ni "chini ya gegedu", yaani chini ya mbavu. Lumbari imetoka kwa neno la Kilatini la kiuno. Umbilikali ni ya kitovu. Hipogastriki ni chini ya tumbo. Iliaki imetoka kwa neno la Kilatini la ubavu, pale panapolainika kati ya mbavu na nyonga. Hakuna hata moja lililoshuka kutoka mbinguni. Ni watu walioangalia mwili na kuuita kwa maneno ya jikoni na buchani.

Kitu kimoja kabla hatujaendelea. Kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwako unayemtazama. Ni kama mtu amesimama mbele yako umpige picha: mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Wengi hukosea hapo.

Kila chumba kina wapangaji wake. Juu kulia kuna ini na kifuko cha nyongo. Juu katikati kuna tumbo lenyewe, ule mfuko wa chakula, na nyuma yake kongosho. Juu kushoto kuna wengu. Katikati ni utumbo mwembamba. Chini kulia kuna kidole tumbo, na huyo mpangaji mtamsikia tena. Chini katikati ni kibofu, na kwa mwanamke mji wa mimba. Kwa hivyo ukimwambia daktari "tumbo linauma", umemwambia "kuna moto Nairobi". Sawa, lakini mtaa gani?

Mistari nayo ilibishaniwa. Mwingereza Christopher Addison, mtaalamu wa maumbile ya mwili, alipima maiti nyingi mwishoni mwa karne ya 19 ili apate mstari wa kulala ambao daktari angeweza kuutegemea akitafuta viungo vya ndani. Mstari wake bado unafundishwa. Huyohuyo mchora mistari aliingia siasa, na 1919 akawa waziri wa kwanza wa afya wa Uingereza.

Lakini chumba chenye drama kuliko vyote ni kile cha chini ya gegedu.

Waganga wa Kigiriki waliamini mwili unaendeshwa na maji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Nyongo nyeusi ikizidi, mtu anakuwa na huzuni na hofu zisizo na sababu. Na hiyo nyongo nyeusi waliihusisha na wengu, juu kushoto, palepale chini ya gegedu. Galen, daktari mkubwa wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma, alieleza huzuni ya aina fulani inayoanzia sehemu hizo, ikiandamana na gesi na kucheua, kisha inapanda kichwani.

Wazo hilo liliishi miaka zaidi ya 1,400. Mwaka 1621 Mwingereza Robert Burton alichapisha kitabu kinene kuhusu huzuni, na ile ya chini ya mbavu akaipa nafasi yake. Mwaka 1673 huko Paris, Molière akaandika mchezo wa kuchekesha kuhusu mtu anayejidhania mgonjwa kila siku. Molière mwenyewe ndiye aliyecheza huyo mgonjwa bandia, na wakati huo yeye alikuwa mgonjwa wa kweli. Usiku wa onyesho la 4, tarehe 17 Februari, alizidiwa jukwaani, akamaliza kucheza hivyohivyo, akafa saa chache baadaye.

Pole pole neno likahama. Kutoka mahali pa mwili likawa jina la hali ya akili. Leo ukimwita mtu hipokondria, unasema ana hofu ya magonjwa asiyokuwa nayo, kama wewe ukigoogle dalili saa nane usiku hadi unajipata na saratani tatu.

Sisi je? Magazeti yetu ya Kiswahili yanasema wanasiasa wako "tumbo joto" matokeo yakisubiriwa. Aliyeumizwa moyoni anasema amekatwa maini. Hatukusoma Galen kujua hayo. Hofu huisikii tumboni? Mgiriki aliisikia, Mswahili akaisikia, kila mmoja akaweka neno. Ila neno la Mgiriki liliingia kitabuni, letu likabaki barazani.

Hiyo "kuingia kitabuni" ndiyo historia yenyewe, na sehemu yake kubwa imepita karibu na sisi kuliko mnavyofikiri.

Karne ya 3 kabla ya Kristo, huko Aleksandria, Misri, hapahapa Afrika, daktari Mgiriki kwa jina Herophilus alipasua maiti za binadamu na kuchunguza viungo. Kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, kinachoanza tumbo linapoishia, akakipima kwa upana wa vidole. Akapata vidole 12. Akakiita hivyohivyo: cha vidole kumi na viwili.

Kisha vitabu vikasafiri. Karne ya 9, Baghdad, Hunayn ibn Ishaq na wenzake waliwatafsiri Wagiriki, hasa Galen. Baadaye Ibn Sina, aliyefariki 1037, akaandika kitabu chake kikubwa cha tiba kwa Kiarabu. Na kile kipande cha utumbo Waarabu walikiitaje? Ithnaashari, ya kumi na mbili. Ngoja. Ukimuuliza mzee wa Pwani kumi na mbili kwa Kiswahili cha kale, atakwambia thenashara. Ni neno hilohilo.

Karne ya 12, Toledo, Hispania, Gerard wa Cremona akakitafsiri kitabu cha Ibn Sina kwa Kilatini, na ile ya kumi na mbili ikawa duodenamu. Ndilo jina utakalolikuta kwa ripoti yako ukipigwa kamera ya tumbo leo. Maana yake ni thenashara tu.

Kipande kinachofuata ni kitamu zaidi. Wapasuaji wa kale walikuwa wakikikuta kitupu mara nyingi, hakina chakula. Wagiriki wakakiita "kilichofunga kula". Warumi wakatafsiri: jejunamu, kilicho na njaa. Waarabu wakatafsiri: saim, aliyefunga. Sisi tunasema saumu. Yaani ndani ya tumbo lako, hata kama umetoka kula chapati nne na ndengu, kuna jamaa amefunga saumu mwaka mzima.

Angalia walichofanya. Mgiriki hakumlazimisha Mwarabu aseme Kigiriki. Mwarabu akatafsiri, akaeleweka nyumbani kwake. Mlatini akatafsiri, akaeleweka kwake. Kila mmoja aliamini lugha yake inaweza kubeba utumbo.

Baadaye ndipo mlango ulianza kufungwa. Wanazuoni wa Ulaya walipenda Kigiriki na Kilatini kisichochanganyika, wakaanza kufuta maneno ya Kiarabu yaliyokuwa vitabuni mwao. Ukuta wa mbele wa tumbo, kwa mfano, waliuita mirach, neno walilopata kwa Waarabu. Likatupwa. Mwaka 1543, Andreas Vesalius akatoa kitabu chake maarufu cha mwili wa binadamu. Alikuwa na miaka 28, wasee, umri wa wengi wenu mnaosema bado mnajitafuta. Alionyesha kwamba Galen alikosea mengi kwa sababu alipasua nyani na nguruwe badala ya watu. Na pale jina la Kiarabu lilipoweza kubadilishwa na la Kigiriki au Kilatini, mkono wake na wa wenzake haukusita.

Hata hivyo fujo haikuisha. Kufikia mwisho wa karne ya 19 kiungo kimoja kingeweza kuwa na majina mengi, kila nchi na kila profesa na lake. Mwaka 1895 wataalamu wakakutana Basel, Uswisi, wakachukua rundo la majina yapata 50,000 wakalipunguza hadi kama 5,000, yote ya Kilatini. Vyumba vya tumbo vikapewa majina rasmi humo. Orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini ndiyo mama wa maneno yaliyoandikwa kwa faili ya Nyanya.

Na jina sahihi, mahali sahihi, si mapambo. Turudi kwa mpangaji wa chini kulia.

Kwa muda mrefu watu walikufa kwa maumivu ya upande huo, na madaktari waliyaita kwa majina yaliyolaumu utumbo wa jirani. Mwaka 1886, Reginald Fitz wa Boston alionyesha kwamba mkosaji ni kidole tumbo, akaupa ugonjwa jina la apendisaitisi, na akasema dawa yake ni kukatwa mapema. Mwaka 1889, Charles McBurney wa New York akaeleza nukta moja: toka kwenye ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia, elekea kitovuni, inchi moja na nusu hadi mbili. Kidole kimoja cha daktari hapo, mgonjwa akaruka, jibu linapatikana.

Miaka 13 baadaye Uingereza ilikuwa imepambwa. Mfalme Edward VII angetawazwa tarehe 26 Juni 1902, na wageni walikuwa wameshafika kutoka pande zote. Mfalme akashikwa na tumbo, chini kulia. Alitaka kuvumilia hadi sherehe iishe. Daktari wake wa upasuaji, Frederick Treves, alikataa. Siku mbili kabla ya sherehe alimpasua mfalme palepale katika jumba la Buckingham, akatoa usaha. Sherehe ikaahirishwa, na tarehe 9 Agosti mfalme akatawazwa akiwa hai.

Treves alijua anachokataa. Mwaka 1900 alikuwa amempoteza binti yake mwenyewe kwa ugonjwa huohuo. Baadaye alisafiri hadi huku kwetu, na 1910 akachapisha kitabu kuhusu safari yake ya Uganda. Lakini mimi humkumbuka kwa ule mwaka wa 1902, kwa sababu alimwambia mfalme ukweli kuhusu upande mmoja wa tumbo.

Chukueni hili liwasaidie: maumivu ya kidole tumbo mara nyingi huanza kitovuni, kwa sababu ubongo haujui vizuri utumbo uko wapi. Saa kadhaa baadaye uvimbe ukigusa utando unaofunika ukuta wa tumbo, maumivu yanahamia chini kulia na kukaa hapo. Kwa hivyo usimwambie daktari tu yako wapi sasa. Mwambie yalianzia wapi na yakahamia wapi. Na yakihama hivyo, na kichefuchefu au homa, usinywe dawa ya kuendesha, usilale ukisema kesho. Nenda hospitali.

Sasa maoni yangu.

Kuna watu watasema Kiswahili hakina maneno ya haya mambo. Hebu tuhesabu. Juu katikati: chembe cha moyo. Juu pembeni: chini ya mbavu, kulia na kushoto. Katikati: kitovuni. Pembeni yake: kiunoni, kulia na kushoto. Chini katikati: kinena. Chini pembeni: nyongani, kulia na kushoto. Vyumba tisa, na nimevijaza bila kuazima hata neno moja kwa Mgiriki.

Tena hata hilo la moyo lililonichanganya, Wagiriki walikuwa nalo. Mlango wa juu wa tumbo, pale chakula kinapoingia, waliuita kardia, na kardia ni moyo. Hadi leo madaktari wanauita hivyo. Mgiriki na nyanya yangu waligusa mahali pamoja wakafikiria moyo. Yeye aliandikwa kitabuni. Nyanya alipata mjukuu wa kumtafsiri vibaya.

Sisemi tufute Kigiriki na Kilatini. Daktari wa Eldoret akisoma utafiti wa Japani, ni vizuri wote wawe na neno moja. Wale wa Basel walikuwa na hoja. Lakini orodha ile ilitengenezwa madaktari waelewane na madaktari. Haikutengenezwa ili mgonjwa aeleweke. Hiyo kazi tumeachiwa sisi, na wengi wetu tumeikimbia tukidhani Kizungu kinatosha. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Rasmi inamaanisha hata kwenye kitanda cha hospitali. Ningependa kuona ile picha ya vyumba tisa ukutani hospitalini, kila chumba na jina lake la kitabu na jina lake la nyumbani, ubavu kwa ubavu. Ni karatasi moja tu na rangi kidogo.

Kabla hiyo ije, sisi ndio tunaowasindikiza wazee hospitali. Fanya mambo mawili. Usitafsiri kabla hujamwambia akuonyeshe kwa kidole. Na neno usilolijua, lipeleke kwa daktari kama lilivyo, useme "yeye anasema hivi". Aibu ya kutojua inapita. Ile siku kwa benchi mimi bado naikumbuka.

Mwaka jana nilimpelekea Nyanya stori yote hii, Mombasa, barazani. Nilipofika kwa ule utumbo uliofunga saumu alinyamaza kidogo, akashika tumbo lake, akasema, "Basi angalau kuna mmoja humu ndani anayenizidi ibada." Halafu akaniuliza kama nilimlipa yule mama wa viazi.

Nilikuwa sijalipa. Nimeshalipa.

Haya, niambieni: kwenu, kwa lugha ya nyumbani, pale chini ya mfupa wa kifua mnapaitaje? Kama hujui, mpigie shosho simu leo umuulize.